Kikombe Kimoja cha Maji

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msicheke. Juzi wajukuu wangu walisimika kipimamvua cha plastiki shambani. Niliposikia matone yakigonga humo, nilishika ukuta.

Kule Rhotia, baba yangu ndiye aliyepima mvua ya kijiji. Kila saa tatu asubuhi alitoa maji kwenye mkebe wa bati, akayamimina katika glasi yenye mistari, akaandika. Mwaka wa ukame aliandika sifuri mpaka akaacha kuongea wakati wa kula. Nikamhurumia. Alfajiri moja nikatia kikombe cha maji mkebeni.

Ardhi kavu ilimshangaza, lakini yeye aliandika alichokikuta. Akapeleka habari ofisi ya kijiji. Kabla ya adhuhuri majirani wakaja na fimbo za ng'ombe na shoka.

"Kwetu vumbi, mvua inyeshe uani kwako tu? Umeifunga humu, mchawi wee!"

"Jamani, nimeandika nilichokikuta."

Fimbo ya kwanza ilimng'oa meno. Nikatoka mbio na kikombe changu. "Baba, ni mimi nili…"

Akakitazama kile kikombe, akaelewa. "Ingia ndani, mama. Funga mlango."

Nikafunga. Nje nikasikia shoka likipasua, nisijue ni bati au ni baba.

Alipona, ila jicho moja halikuona tena. Hakuniuliza kamwe.

Basi jana niliwaagiza wa nyumbani kwangu: "Kipimamvua kikiwa kikavu, andikeni kikavu. Na atakayetia maji humo, aniambie kabla hamjaandika."