Dada Mwanaidi, aliyesoma hati zisizosomeka

Jamani, nimemzika juzi kwa mikono yangu na bado akili inakataa. Dada Mwanaidi wa masijala ya ardhi, ofisini kwetu, hayupo. Hayupo!

Kwa msiomjua: ukija na hati ya kiwanja iliyofifia, au skani iliyotoka nyeusi tii, sisi wote tulikujibu "haisomeki." Yeye alisema, "Lete hapa dirishani."

Alikuwa anaigeuza karatasi taratibu kwenye mwanga, midomo ikicheza kama anavuta uradi. Ghafla unasikia, "Haya, andika!"

Nilipoanza kazi alinigombeza mbele za wateja kwa sababu nilijaza namba kwa kubahatisha. "Mdogo wangu, hapo umemhamisha mtu kwake." Mchana ule sikula.

Alikuwa anapenda asali ya Ipole, anaweka hata kwenye chai. Na alicheka vibaya sana, mpaka bosi anafunga mlango.

Mwezi uliopita akaja Bi Tatu wa Gongoni, mjane, mshona vitambaa. Jirani kamshtaki baraza la ardhi, anadai vyumba viwili vya uani vimeingia kwenye kiwanja chake. Hati ya Bi Tatu imeliwa na mchwa. Ramani iliyo kwenye faili letu ililowa paa lilipovuja, vipimo vya mpaka vikawa doa.

Dada alikaa na ramani ile siku tatu. Kichwa kinamuuma, akajifunga kitambaa kwenye paji la uso, akaendelea. Nikamwambia aende hospitali. "Nikimaliza hii."

Moja na saba zilikuwa zinafanana. Akapanda basi hadi Goweko kumtafuta mzee aliyeichora, siku hizi analima. Akamkuta shambani. Mzee macho yameisha, hawezi kusoma tena, lakini alikumbuka: "Saba zangu nilikuwa nazikata katikati."

Ijumaa akanipigia simu akiwa stendi, anapiga kelele: "Nimeshaisoma yote! Ni vyumba vya Bi Tatu! Jumatatu naviandika vipimo, wewe unachapa."

Jumatatu akaingia, akaniambia "Marahaba, washa kompyuta," akaanguka pale pale mezani. Hospitali wakasema presha. Hakuamka.

Hakuwa ameandika hata namba moja.

Jana nimesimama barazani badala yake. Mwenyekiti akanipa ramani: "Soma mpaka wa mashariki." Najua kuhusu zile saba. Najua zimekatwa katikati. Nimetazama mpaka macho yakatoka machozi, naona doa tu.

"Ofisa, unasoma au husomi?"

"Sisomi, mheshimiwa."

Wametupa wiki mbili. Zikipita, wataamua kwa ramani ya jirani, kwa kuwa hiyo inasomeka.

Nje Bi Tatu akanishika mkono. Hakulia. "Mwanangu, jaribu tena kesho." Nikaitikia tu kwa kichwa kama mjinga.

Dada, ningekulazimisha uende hospitali. Ningekuambia uviandike vipimo kwenye meseji ukiwa bado stendi. Faili lile liko mezani kwangu, mafaili mengine kama hilo yamejaa rafu nzima, na wenyewe wako kwenye benchi wanakuulizia kwa jina.

Sijui nitawaambia nini. Nisamehe.

Mungu akupe kauli thabiti, dada yangu. Pumzisha macho. Lala salama.