Swali la Kuingia Chemba

Mwenyekiti wetu wa chemba ya wafanyabiashara alikuwa na swali moja ambalo kila mwanachama mpya aliulizwa mbele ya wote, na mimi nililichukia tangu siku ya kwanza. Unasimama, unaeleza unauza nini na duka lako liko upande gani wa barabara. Halafu mzee yule wa kutoka Tanga, mwenye malori, anavua miwani na kukuuliza kwa upole kabisa: "Na likitokea la kutokea, tukupeleke wapi?"

Hakuwa na nia mbaya. Tunduma ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilijaa watu waliotoka mbali. Wenyeji Wanyamwanga walikuwepo, wana mashamba yao na makaburi ya babu zao, lakini ule mstari wa maduka unaoelekea geti la mpakani ulikuwa wetu sisi wakuja. Kabla chemba haijaanza, mfanyabiashara mmoja wa mahindi alifia gesti na hakuna aliyejua kwao. Alizikwa na mgambo, bila mtu wa kumsemea neno. Mwenyekiti aliiona ile maiti ikipita kwenye mkokoteni, akaapa kwamba mwanachama wake hatapita hivyo.

Kwa hiyo watu walijibu. Mmoja alisema Moshi, mwingine Njombe, mwingine Bukoba, na sauti zao zilibadilika wakitaja. Waislamu ndio walionifurahisha. Wao walisema hapa hapa, tena msinicheleweshe, watu wakacheka na kikao kikaendelea. Ikitokea kifo kweli, lori lilitoka kwa mwenyekiti, mbao kwa fundi wa samani, sanda na vitenge kwetu akina mama wa nguo, na watu wawili watatu walifunga maduka wakasindikiza mwili hata mwisho wa nchi. Desturi hiyo niliiheshimu. Swali lake tu ndilo lililonikera.

Nisiisengenye chemba. Watu wa sokoni walipolisikia jina hilo mara ya kwanza walidhani tunachangishana kuzibua choo, lakini kazi waliiona. Tulikutana Jumamosi kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tukakalia makreti ya soda mpaka tulipopata viti vya plastiki. Foleni ya malori ilipofika hadi kijiji cha Mpemba, chemba ndiyo iliyokwenda kukaa na watu wa forodha. Tulichimbua mtaro wa soko uliokuwa ukinuka kila masika, tukapeleka madawati shuleni. Mimi mwenyewe niliingia kwa sababu robota langu la vitenge lilizuiwa getini na hakuna aliyetaka kunisikiliza. Mwenyekiti alikwenda nami, akanifundisha karatasi gani ijazwe na dirisha gani liulizwe, na tangu siku hiyo hakuna aliyenibabaisha tena pale getini.

Nilipoulizwa lile swali nilisema Mahenge. Ndiko nilikozaliwa, si uongo. Lakini mama alikwisha kufa, kaka yangu aliuza nyumba na shamba akahamia kusikojulikana, na ndoa yangu ilikwishavunjika kabla sijaijua Tunduma. Lori lingenifikisha Mahenge, kisha lingegonga mlango wa nani? Nilisema Mahenge kwa sababu kila mtu alikuwa na mahali pa kusema, nami sikutaka kuwa yule anayehurumiwa kwenye kikao. Sipendi kuhurumiwa. Wateja wangu wa upande wa Zambia waliniita mayo, yaani mama, siku nzima, mayo hiki kiasi gani, mayo punguza, na jioni nilifunga mlango nikapika ugali wa mtu mmoja.

Jirani yangu wa duka aliuza mchele. Tulitenganishwa na ukuta wa bati, na asubuhi chai yake ikiiva alikuwa akiligonga hilo bati kwa kijiko.

"Jirani, upo?"

"Nipo, jirani."

Basi natoka na kikombe changu, tunakunywa tumesimama mlangoni, yeye kajifunga blanketi kwa baridi ya asubuhi, tunasengenya wapita njia. Alikuwa mtu mpole, Mkristo wa kuimba pole pole wakati wa kupepeta mchele. Hatukuwa na lingine zaidi ya chai hiyo. Wenye midomo yao walisema mengi, nikawaacha waseme.

Yeye aliulizwa swali akajibu Kamsamba, haraka, bila kusita. Nilimwonea wivu. Wenzetu kwao kulikuwa safari ya siku mbili, yeye kwao ni huko bondeni tu, unashuka mlima unafika. Alikwenda kila mavuno ya mpunga na kila Krismasi, akarudi na magunia, samaki wakavu wa Rukwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Nilimuuliza kama ni wazima huko. "Wazima," alikuwa akijibu, "wanakusalimu." Krismasi ndiyo ilikuwa mbaya kwangu. Mstari mzima umefungwa, watu wamekwenda makwao, na mimi nimekaa dukani nikijifanya napanga doti za vitenge. Nilimuwaza jirani yangu kazungukwa na ndugu, watoto wanampanda mapajani, na niseme kweli, nilimkasirikia.

Mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeanza kuiva mashambani na yeye anajiandaa kushuka, alishikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, ikaonekana anapata nafuu, kisha hakupata. Asubuhi baada ya kifo chake nilisuuza kikombe changu nikasubiri bati ligongwe. Niliyajua yote, nilikuwa nimeuona mwili wake. Bado nilisubiri.

Chemba ilikutana pale pale dukani kwake. Tangazo lilipelekwa redioni kama ilivyokuwa desturi, ndugu na jamaa wa Kamsamba wajulishwe. Hakuna aliyejibu. Simu huko hazikuwepo, na tukasema labda redio yao imeishiwa betri. Mwenyekiti hakutaka kungoja, alisema tunajua kwao, alitutajia mwenyewe, twende. Tukaenda: mwenyekiti, fundi wa samani, dereva na mimi. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa jirani, na kwa kuwa wanawake wa huko wangependa kuupokea msiba kutoka kwa mwanamke mwenzao.

Tulitoka Tunduma na masweta, tukapita Chitete, tukapita Msangano, tukasukuma lori kwenye tope. Kadiri tulivyoshuka joto lilituvua nguo moja moja. Nilikaa mbele nikipanga maneno ya kumwambia mama yake. Nilikuwa na hamu ya kuwaona hao watu walionisalimu miaka yote. Naona aibu kulisema, lakini ndani ya majonzi yangu kulikuwa na hamu hiyo.

Kule Kamsamba tulimtaja marehemu kwa jina kwenye kila mji. Watu walitikisa vichwa. Kwa jina hawakumjua, kwa ukoo ndio kabisa. Mwenyekiti alianza kutoka jasho ambalo halikuwa la joto peke yake. Mwishowe mchunga ng'ombe mmoja aliuliza kama tunamsema yule mnunuzi wa mpunga anayeimba. Tukasema huyo huyo. Akatuonyesha nyumba ya bibi mmoja mjane, ukingoni mwa majaruba ya mpunga.

Bibi alitoka akiwa na ungo mkononi. Alitazama lori, akatazama jeneza, akauweka ungo chini. Mwenyekiti alimpa pole kwa kufiwa na mwanawe. Bibi aliingia nyuma ya lori, akaomba pafunguliwe usoni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu mimi sikumzaa," alisema. "Alikuja kununua mpunga, mvua ikamkuta, akalala hapa. Mwaka wa pili akaja tena, akanisaidia kuvuna. Sikukuu anakuja. Kwao hajanitajia hata siku moja."

Kosa lile lilikuwa letu sote, maana katika chemba nzima hakuna aliyewahi kumuuliza jirani yangu Kamsamba ana nani. Aliulizwa wapi, akajibu wapi, tukapiga makofi. Mimi niliyekunywa naye chai sikuuliza pia. Mwenyekiti alianza kuomba radhi, akasema basi tutamrudisha, tutatafuta namna. Jua lilikuwa kali na sote tulijua njia tuliyopita.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alisema hapa ndiyo kwao?"

"Alisema mbele yetu sote, mama."

"Basi ni kwao. Mwingizeni ndani."

Wakamwingiza. Akatandika mkeka katika chumba kidogo alichokuwa akilala mgeni wake, na humo nikaona blanketi lake la zamani limekunjwa vizuri, na msumari ukutani aliokuwa akitundikia shati. Vijana wa nyumba za jirani walichukua majembe bila kuulizana ni nani. Nilikaa chini na bibi, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikalia, nikalia vibaya, kwa sauti. Nilikuwa namlilia yeye na zile Krismasi. Yeye huku kwa bibi wa watu, mimi kule na vitenge vyangu, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwamba anaye mtu.

Bibi aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye jirani.

Nikasema ndiyo.

"Salamu zangu alikuwa anazifikisha?"

Niliitikia kwa kichwa.

Makaburini mwinjilisti wa pale aliomba wafiwa wasogee, mwenye marehemu atie udongo wa kwanza. Wenyeji walitutazama sisi, sisi tukamtazama bibi, na bibi akanitazama mimi. Mwenyekiti akasogea pembeni kunipa njia. Nikainama nikachukua udongo. Ulikuwa mweusi, wa majaruba, ukanigandia mkononi na sikuufuta mpaka tuliporudi kwenye lori.

Tulipanda mlima, tukavaa masweta yetu. Fundi wa samani, ambaye siku zote hakuishiwa utani, aliniuliza tu kama nasikia baridi. Tunduma tulifika geti limekwisha kufungwa na malori yamepanga foleni. Nilifungua duka langu nikakaa humo bila kuwasha taa. Upande wa pili wa bati panya walikuwa wamekwisha kuupata mchele.

Jumamosi iliyofuata kikao kilikuwa na ajenda ya ushuru na nyingine ya taka za stendi. Zilipokwisha, mwenyekiti alivua miwani. Alisema swali letu lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ni yake, kwa hiyo anaongeza la pili: huko tunakokupeleka, una nani? Akasema aliyetaja mahali zamani na angependa kutaja upya asimame bila kuona haya.

Nilidhani nitasimama peke yangu. Viti vya plastiki vilikwaruza sakafu chumba kizima. Alisimama muuza matairi wa Moshi, aliyekuwa akijisifia migomba ya babake. Alisimama mama wa mgahawa. Alisimama hata fundi wa samani. Watu tuliokuwa tukipishana getini kila siku tulisimama tukatazama viatu vyetu, na hakuna aliyecheka. Miaka yote ile tulikuwa tumekaa chumba kimoja, na upweke huo kila mtu aliudhani ni wake tu.

Zamu yangu ilipofika nilisema futeni Mahenge, andikeni Kamsamba.

Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole wake ule ule, "Kamsamba una nani, dada?"

"Nina jirani," nikasema, nikakaa.