Dada Yangu, Mimi na Kazi ya Mdomo

Kwanza tuelewane: aliyekuwa anachekesha ni mimi. Dada yangu alikuwa anaongea. Watu wengi wa Sumbawanga watakwambia kinyume chake, na wengi wao ni watu wazuri tu, wanalima maharage yao na kulea watoto wao, lakini kwenye jambo hili hawajui wanachosema. Dada alikuwa anapayuka kama mtu anayefukuza nyani shambani, mimi niko pembeni na gitaa langu, namtazama. Watu walikuwa wanacheka pale ninapomtazama. Nimelieleza hili kwenye vijiwe vingi na bado sijaeleweka.

Tulianzia kwenye kwaya ya kigango, kule upande wa Pito tulikozaliwa. Dada alikuwa sauti ya kwanza, mimi gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Kabla ya kila wimbo alikuwa ananiambia, "Nipe sauti," nami nampigia noti ya kuanzia. Siku ya sherehe ya mavuno umeme ulikatika katikati ya wimbo, spika zikazima, kwaya ikaduwaa. Dada akawageukia waumini akaanza kumwigiza katekista anavyosoma matangazo ya Jumapili: mbuzi wa nani kaingia bustani ya masista, na nani alikopa majembe ya kigango akajisahaulisha. Nami kila tangazo nikawa naliitikia kwa gitaa kama zaburi. Katekista mwenyewe alicheka mpaka akakalia kinanda. Jumapili iliyofuata tuliondolewa kwenye kwaya, kwa upole kabisa na kwa sala, na kabla wiki haijaisha tukaitwa kwenye harusi.

Baada ya hapo hatukukaa. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya shule, hata uzinduzi wa kisima. Tulishuka Ilemba, bondeni kwenye joto, tumevaa makoti yetu ya huku juu. Watu walituangulia kicheko kabla hatujafungua mdomo, basi tukayaingiza makoti kwenye onyesho, na tangu siku hiyo tukawa tunayavaa kila tukishuka bondeni, jasho linatutoka kwa ajili ya sanaa. Safari moja tukaitwa Mbeya. Mshereheshaji akatangaza kwamba tumetoka Sumbawanga, na nyote mnajua watu wa mikoa mingine wanasemaje juu ya Sumbawanga na ungo unaoruka. Ukumbi mzima ulicheka tangu tulipopanda jukwaani hadi tuliposhuka. Walicheka hata nilipokuwa nakohoa. Baadaye mpishi alituambia kwamba walikuwa wanachukua tahadhari tu.

Baba hakucheka. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu mrefu wa maneno machache, na shughuli zetu aliziita kazi ya mdomo. "Wanangu hawa," aliwaambia wageni, "wako kwenye kazi ya mdomo," kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja mtu mwenye ugonjwa wa siku nyingi. Lakini alikuwa anakuja. Alikaa kiti cha nyuma, kofia gotini, akisikiliza kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi, na tukimaliza alikuwa anatusahihisha. Tulikuwa na wimbo kuhusu yeye akinunua beberu mnadani. Watu walikuwa wanagaagaa chini kwa kucheka. Baba alitungoja mlangoni akasema, "Hakuwa beberu. Alikuwa jike, tena mwenye mimba."

Tulivunjikia kwenye sendofu moja hapo mjini. Mshereheshaji, kijana wa mambo-poa na miwani ya jua ndani ya ukumbi, alishika kipaza sauti akasema, "Mkaribisheni dada yetu mchekeshaji, pamoja na jamaa anayempigia gitaa!" Jamaa! Dada badala ya kumrekebisha aliinama kuwapungia watu mkono. Nilipiga gitaa usiku ule nikiwa nimefura, na tulipotoka tulikwenda kumalizana jikoni, katikati ya masufuria ya pilau, wapishi wakituzunguka na sahani.

"Mimi ndiye ninayewachekesha," nikamwambia. "Wanacheka nikikutazama."

"Mdogo wangu," akasema, anajifuta poda usoni, "wewe unatazama tu. Hata ng'ombe anatazama."

Wapishi walicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana hawakuwa hata na kiti cha kulipia. Nikamwambia basi atafute ng'ombe ampigie gitaa. Kesho yake asubuhi alifunga mizigo akaenda Kasesya, mpakani, akafungua kibanda cha chakula kwa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao za forodha. Nilisikia kwamba anawachekesha bure huku wakila, na kwamba kuna dereva aliyeitwa dirishani kuchukua karatasi zake akakataa kuondoka mpaka dada amalizie kisa. Sikuuliza zaidi. Mimi nilibaki mjini, nikaanza kufanya maonyesho peke yangu.

Nitasema ukweli kuhusu maonyesho hayo. Kutazama kunahitaji cha kutazama. Nilisimama jukwaani, nikapiga gitaa, nikageuka kutazama pembeni kwa ustadi wote, na pale pembeni kulikuwa na ndoo ya maji. Kwenye mahafali moja mwalimu mkuu alipanda jukwaani akaniuliza kwa heshima kama nikimaliza kujaribu mitambo nitamwambia.

Zaidi ya mwaka dada na mimi hatukusemeshana. Kila neno lilipitia kwa baba. Nilikuwa nikienda Pito, nikiona simu yake ya tochi mezani, nasema, "Baba, mwambie huyo binti yako anirudishie mkanda wangu wa gitaa." Baba aliitikia "Haya," akatoka uani na simu. Akirudi anasema, "Amesikia. Anakuombea kwa Mungu." Mkanda haukuja. Siku moja nilitoka nyuma yake nikamsikia anapiga simu Kasesya. "Mdogo wako hapa anakuamkia, shikamoo," alikuwa anasema. "Anauliza biashara inaendaje." Kumbe mwaka mzima nilikuwa namwamkia dada yangu kila wiki kwa adabu kubwa, na dada naye, ambaye huenda alikuwa ananituma mahali pasipotajika, kwangu alifika kila mara akiwa ananiombea kwa Mungu. Kazi ya mdomo baba aliijua kutushinda sote wawili, ila yeye alikuwa anaifanya bila jukwaa.

Kisha baba akaugua, muda mfupi tu, akafariki masika, mahindi yakiwa yamefika magotini. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Na katikati ya kulia lilinijia wazo lililonitia hofu kuliko msiba wenyewe: sasa hakuna wa kunisemea kwa dada. Tutamzika baba, dada atapanda gari la Kasesya, nami nitarudi kutazama ndoo, na itakuwa imetoka. Hatutakuwa na ugomvi tena, maana hata ugomvi unahitaji mtu wa kuupeleka na kuurudisha.

Dada alifika usiku, akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha wanawake. Makaburini tulisimama pande mbili za shimo. Yeye alinitazama, mimi nikatazama udongo. Tuliporudi, wanaume tukakaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, ukaja ugali na maharage, na nyuma ya ugali wakaja watani.

Watani wetu ni jirani zetu Wasukuma, waliohamia upande wetu na ng'ombe wao tukiwa wadogo. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya baba, yeye na wenye ng'ombe wakagombana, wakagombana mpaka wakazoeana, na mazoea yakazaa utani wa kweli. Kwa mtani, msiba ni kazi. Anakuja kumkejeli marehemu na kuwacheka wafiwa ili wasizame kwenye huzuni, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hilo la mwisho sijui nani alilitunga, ila hakuwa na hasira kama zangu.

Alitangulia mama mwenye boma, mwanamke wa miraba minne, amevaa kofia yangu na amelibeba gitaa langu. Lilikuwa chumbani, nimefunga mlango. Nyuma yake shemeji yake, mwanaume wa ndevu nyingi, kajifunga kitenge na kujipaka poda. Sikuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni dada.

Wakaanza igizo letu lililopendwa kuliko yote. Ni igizo dogo. Ni alfajiri ya mwezi wa saba, baridi ya huku kwetu Ufipa inauma mpaka kwenye meno, baba yuko nje ya dirisha anamwita mwanawe aamke waende shambani. Dada ndiye anayekuwa baba. Mimi ndiye mtoto ndani ya blanketi, nami kila nikiitwa naimba kisingizio, kila kimoja kibovu kuliko kilichotangulia, na siamki ng'o.

Mama wa Kisukuma alikaa chini akawa mimi. Alikaza nyuzi. Akazikaza tena. Akatazama pembeni mdomo wazi, akakaza nyuzi. Msiba mzima ukacheka, baba zangu wadogo wakiongoza. Mimi kuchekwa sikatai. Nilichokataa ni kazi mbovu. Alikuwa anatazama mapema mno! Unatazama baada ya mwenzio kusema, hutazami kabla. Nikawa nimekunja ngumi kwenye benchi.

Ikafika zamu ya mwenye ndevu kuwa baba. Akajaza kifua upepo akapiga ukelele, "Amka! Amka wewe! Amka!" kama anarudisha kundi zizini.

"Hapana," sauti ikatoka kwenye mikeka. "Siyo hivyo."

Wote tukageuka. Dada alikuwa amesimama, kanga ya msiba imemteleza begani.

"Baba hakuwa anafoka," akasema. "Alikuwa anakohoa kwanza." Na akakohoa.

Shangazi yetu aliweka sahani chini. Kilikuwa kikohozi cha baba chenyewe, kifupi, cha mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mama wa Kisukuma naye alikisikia, akavua kofia.

"Basi njoo ufanye mwenyewe," akamwambia. "Tumechoka kuwafanyia kazi yenu. Na wewe," akanigeukia mimi na gitaa, "shika ubao wako."

"Mama, mimi ni mfiwa," nikasema.

"Mfiwa gani unakagua wenzio kama mwalimu wa zamu? Nimekuona. Njoo."

Nikaenda. Kukataa ni kukasirika, na kukasirika hakuruhusiwi. Nilikaa mkekani na gitaa, mtu akanitupia blanketi. Dada akaingia chumba cha baba, akasimama kando ya dirisha linalotazama uani, mgongo umeegemea ukuta, maana siku hiyo ndani ndiko kulikuwa nje. Hatukuwa tumesalimiana.

Akakohoa. "We mtoto," akaita kwa sauti ya baba. "Kumekucha."

Nikaimba kwamba mguu unauma. Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Akaniita tena, nikaimba kwamba mguu umepona ila sasa unauma wa jirani. Wakacheka zaidi, na mwenye ndevu akapiga magoti yake kwa kiganja. Nilimsikia dada dirishani akivuta pumzi, nikajua anajiandaa kwa mara ya tatu, ile kubwa, na kisingizio changu cha tatu kilikuwa tayari mdomoni. Ni kisingizio cha ndoto ambayo sijaimaliza. Hakijawahi kuniangusha.

Lakini safari hii hakuita kama tulivyozoea. Aliita taratibu, jinsi baba alivyokuwa anaita siku alizochoka, siku ambazo angeweza kwenda peke yake na alikuwa anaomba tu mtu wa kwenda naye.

"Mwanangu. Njoo basi."

Ndoto ikanipotea mdomoni.

"Naam, baba," nikasema. "Nakuja."

Nikalitupa blanketi nikasimama. Miaka yote ile, harusi zote zile, sikuwahi kusimama. Igizo halina sehemu hiyo, na hakuna mtu pale aliyejua kinachofuata, mimi kwanza. Dada alinitazama kupitia dirishani. Alikuwa analia waziwazi. Alinyamaza, akaendelea kunyamaza, akangoja mpaka pale hasa ambapo mtu yeyote mwingine angeshindwa, ndipo akakohoa.

"Umechelewa," baba akasema. "Haya, rudi ukalale."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, wala sitegemei. Mama wa Kisukuma alilala chini na kofia yangu. Shangazi alilia na kucheka kwa uso mmoja. Mimi nilisimama katikati ya mkeka, nacheka huku machozi yananiingia mdomoni, namtazama. Dada aliniacha nicheke mpaka nikaisha, hakuniharakisha, kisha akaegemeza mikono yake dirishani na kunisemesha kwa sauti yake mwenyewe.

"Nipe sauti," akasema.

Nikainama juu ya gitaa, nikampa.