Siku Niliyomchagulia Baba Mkwe Farasi Asiyekimbia

Hii stori nimeificha mwaka mzima, hata wale tunaofunga nao katoni kiwandani hawaijui, kwa sababu kila nikiikumbuka nasikia uso ukiwaka kama nimeinamia karai ya mafuta. Lakini leo mmenibana, na chai bado iko, basi sikilizeni, na mkicheka chekeni pole pole.

Mnajua mimi ni mtu wa Bungoma, nimeolewa na Njoroge, tunakaa Makongeni. Baba yake Njoroge anakaa Gatongora kule Ruiru, peke yake tangu mama afariki, na maisha yake yote alikuwa saisi, yaani mtunza farasi wa mbio, kwenye shamba moja la kahawa ambalo siku hizi ni ploti na maghorofa. Farasi waliisha, kahawa ikaisha, lakini kila Jumapili kukiwa na mbio kule Nairobi Baba lazima aende, asimame kwenye fensi na wazee wenzake watatu waliokuwa masaisi pamoja naye, na kabla ya kila mbio kila mmoja ataje farasi atakayeshinda. Hawaweki pesa hata shilingi. Ni heshima tu wanashindania, na kwa hiyo heshima Baba alikuwa juu yao wote, ati akiangalia farasi akitembea hatua kumi anajua kama leo yuko na mbio au hana.

Sasa kulikuwa na siri. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amewaficha wenzake. Njoroge ndiye aliyekuwa akimpeleka, anasimama nyuma yake na kumnong'oneza, huyu anafanya hivi, huyu anafanya vile, na Baba anapiga hesabu zake kichwani kisha anatangaza kwa sauti kama mtu anayeona mpaka ng'ambo. Hospitali alikuwa hataki kusikia. Ukitaja neno "upasuaji" anaanza kuuliza mbuzi wa jirani wanaendeleaje.

Hiyo Jumapili Njoroge akawekwa zamu ya ghafla kazini. Akaniambia, "Nenda na Baba wewe. Si ni kusimama tu." (Wanaume!) Mimi nilikuwa na miezi sita kwenye hiyo ndoa na Baba alikuwa hajawahi kuniambia zaidi ya "habari" na "karibu chai," na nilikuwa natamani sana anikubali, siwezi kuwadanganya. Nikafika Gatongora saa nne asubuhi, nikamkuta amevaa koti, tai na kofia, viatu vinang'aa, fimbo mkononi. Akageuza uso upande nilioko akaniuliza, "Maitu," (ndivyo wazee wa kwao humwita mwanamke kwa heshima, kama kusema mama) "unajua kuangalia farasi?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Mimi farasi nilikuwa nimewaona kwa runinga. Kwetu tulikuwa na punda mmoja, na huyo punda alikuwa ananichukia. Lakini aliniita Maitu, na ule uso wake ulikuwa umejaa tumaini, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Najua, Baba. Kwetu tulikuwa nao."

Tulikuwa nao! Wa wapi?

Tukakodi gari ya jirani mpaka uwanjani. Na jambo lingine lilikuwa linanisumbua: kwetu msichana aliyeolewa hamshiki baba mkwe mkono, hata kiti alichokalia hukalii. Na huyu mzee bila kushikwa atagonga kila nguzo, na akigonga nguzo wenzake watajua. Basi nikamshika kiwiko cha koti kwa vidole viwili, hivi, kama mtu aliyeshika panya, mpaka yeye mwenyewe akaniambia kwa upole, "Shika vizuri, siumi." Nikashika.

Wazee wenzake walikuwa wamefika. Mkubwa wa maneno alikuwa Mzee Mutua wa kutoka Machakos, kofia yenye manyoya, ambaye kazi yake ni kubishana na Baba. "Leo umekuja na nani, Mwangi?" akamuuliza Baba. "Mke wa Njoroge. Huyu anajua farasi, wacha utaona." Nikatabasamu na meno yote.

Kabla ya mbio, farasi huzungushwa kwenye kiwanja kidogo cha duara, kila mmoja ana kitambaa cha namba chini ya tandiko, na hapo ndipo wazee husoma. Baba akaanza kuniuliza kwa mnong'ono. Namba mbili ametoa jasho shingoni? Masikio yako mbele au yamelala? Anapotembea, mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele? Jamani, farasi wote walikuwa wanatembea! Miguu ni mingi, inapishana, mimi naona tu manyoya yanang'aa. Nikajibu kila kitu vile nilivyoona kitampendeza. "Jasho hana, Baba. Masikio yako mbele. Anakanyaga sawasawa." Baba akanyoosha mgongo akatangaza, "Mbili!"

Na namba mbili akashinda.

Mnaona vile Mungu huwa? Angeshindwa hapo hapo ningekiri mambo yakaishia hapo. Lakini alishinda, wazee wakampiga Baba mgongoni, na yeye akainama sikioni kwangu akasema, "Njoroge hajawahi kunieleza vizuri hivyo." Haki ya Mungu nilikaribia kulia kwa furaha. Nikasahau kabisa kwamba ni uongo, nikaanza kujiona fundi. Mbio za pili farasi wetu alikuwa wa tatu, na hata hapo nikasema ni joki, yule anayempanda, aliyemvuta hatamu (nilikuwa nimesikia mtu nyuma yangu akisema hivyo).

Ikafika mbio kubwa ya siku. Watu walijaa fensini, vijana na simu zao, familia na watoto. Farasi walikuwa wanatoka kwa kiwanja kidogo kwenda kwenye njia ya mbio, na mbele yao wote akatokea farasi mmoja mweupe, mkubwa, mkia umechanwa kama nywele za bibi harusi, ametulia kabisa wakati wengine wanarukaruka. Nikapendezwa naye mpaka moyo ukaruka.

"Baba, huyu ndiye. Mweupe. Ametulia, hana jasho hata tone, shingo imekaa hivi, yaani kama mchungaji anaingia kanisani."

"Namba gani?"

Nikatafuta namba. Sikuona. Nilipaswa kusema hivyo tu, sioni namba. Badala yake nikasema, "Imefunikwa na koti la anayempanda, Baba, lakini yuko mbele ya wote."

Baba akapiga fimbo chini, akapaza sauti iliyosikika mpaka kwa wauza soda. "Leo ni yule mweupe! Hakuna farasi mwingine hapa!"

Wazee wakanyoosha shingo kutazama. Mzee Mutua akasema, "Mweupe yupi, Mwangi?"

"Huyo hapo mbele! Na ninyi mmekuwa vipofu?"

Mutua akashusha sauti, na sitasahau vile aliishusha, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mwangi. Huyo ni wa kuwaongoza wengine waende kuanza. Huyo hakimbii."

Vijana walikuwa wamesikia. Mmoja akapiga kelele, "Guka amechagua eskoti!" (yaani babu amechagua msindikizaji). Basi kicheko kikapita fensini mtu kwa mtu, mama mmoja akacheka mpaka akamshikilia mumewe, na kuna msichana aliyetugeuzia simu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajaribu kuokoa. "Hapana, Baba alimaanisha huyo wa nyuma yake, mweupe wa pili!" Watu wakaangalia. Wa nyuma yake alikuwa mweusi tititi. Kicheko kikaanza upya.

Baba hakucheka wala kukasirika. Alisimama akiangalia mahali ambapo hakukuwa na kitu. Nikaelewa nilichofanya: kile kitu kimoja alichobaki nacho, nilikuwa nimekimwaga mbele ya watu.

Akaniuliza pole pole, "Maitu, yule farasi alikuwa na namba?"

"Hakuwa nayo, Baba."

"Na farasi, unawajua?"

"Siwajui. Hata wale wa kwanza sikuwajua. Nilitaka tu unipende." (Ilitoka hivyo hivyo, hata sikuipanga.) Machozi yakaanza kunitoka, pua ikafuata, na sikuwa na leso.

Angeweza kusema ni mimi, na ingekuwa haki yake. Wenzake wangemcheka mgeni wa Bungoma asiyejua farasi, siri yake ingebaki salama na heshima yake ingebaki juu. Alichofanya ni kugeuka, akavua kofia, akawaambia wazee, "Msimcheke huyu msichana. Ni mimi sioni. Ni miaka miwili sasa. Amekuwa macho yangu tangu asubuhi na nilimpa kazi bila kumfundisha."

Mzee Mutua akakohoa. Halafu akasema, "Miaka miwili? Na umekuwa ukinishinda?"

"Ndiyo."

"Haiya! Bila macho?" Akageukia wenzake kama mtu aliyeibiwa. "Na mimi nina miwani mbili!"

Hapo wakacheka wazee wenyewe, kile kicheko cha kuegemeana, na Baba akacheka pamoja nao, na mmoja akanipa leso kubwa iliyonukia tumbaku, nikapenga kamasi kama tarumbeta.

Kulibaki mbio moja. Baba akaniambia, "Sasa usiniambie mzuri au mbaya. Hiyo ni kazi yangu. Wewe niambie unachoona." Basi nikamwambia. Huyu anapigapiga mkia. Huyu anamvuta anayemshika. Huyu amelegeza mdomo wa chini kama anasinzia. Yule sijui, amejificha nyuma ya mwenzake. Baba akasikiliza amefumba macho, wazee wote wanne wameinamisha vichwa kwangu, na mwishowe akasema, "Huyo anayesinzia." Farasi huyo akamaliza wa pili, akapitwa kwa pua tu. Baba akasema kwamba hata mimi, kama ningekuwa farasi, ningekuwa wa pili, na mpaka leo sijajua kama hiyo ilikuwa sifa.

Tukiwa kwa gari tunarudi Ruiru, bila mtu kumuuliza, akasema, "Hiyo hospitali ya macho. Utanipeleka wewe." Nikampeleka, jicho moja kwanza. Siku ya kutoa bendeji niliketi mbele yake, muuguzi akabandua, Baba akapepesa, akapepesa tena, akaniangalia kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Na Njoroge hakuniambia."

Tangu siku hiyo niliapa, kitu nisichokijua nitasema sikijui, hata aniulize nani na uso wenye tumaini namna gani. Si rahisi, mdomo wangu bado hukimbilia "najua" kabla sijaushika. Lakini juzi msimamizi alituuliza nani anajua ile mashine mpya ya kufunga katoni, wenzangu wote wakatikisa vichwa ati ndiyo, mimi nikainua mkono nikasema, "Mimi sijui. Nionyeshe." Akanionyesha. Ilichukua dakika kumi, na hakuna mtu aliyecheka.