Majibu Kwenye Kamba

Mpaka leo nikipita kwenye kile kibanda cha fotokopi karibu na soko la Rumonge, natema mate. Ptuu! Wallahi sioni haya.

Kituo chetu cha afya kilikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapisha hakina. Basi majibu ya vipimo yalitumwa kwa simu kwa yule jamaa wa kibanda, naye akayachapisha na kuyatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, palepale anapotundika picha za vitambulisho. Jina juu, ugonjwa chini yake. Kila mtu aje achukue yake. Na sisi tulizoea, tena tukamshukuru!

Siku moja natoka Minago na mawese yangu, nikakuta wanawake wawili mbele ya kamba wanasoma jina la mdogo wangu. Kifua kikuu. Mdogo wangu mjane, anayekaanga samaki pale mlango wa soko, anayelea mtoto kwa kile kikaango. Niliinyofoa karatasi, lakini wapi! Jioni ile samaki wake walidoda kwenye sinia. Mteja wake wa kila siku alipita ameziba pua kwa mtandio. Pua ileile iliyokuwa ikimfuata kwa harufu ya mafuta!

Nikaenda kwa mkubwa wa kituo.

"Mama, Serikali haina franga za mashine," akaniambia. "Kuficha siri za watu iko bei."

Nyuma yake friji mpya ilikuwa inanguruma, imejaa soda zake.

"Na majibu ya bibi yako, shefu, yanatundikwa kamba gani?"

Akageukia dirishani. Mwanamume mzima, hana hata aibu.

Mdogo wangu alihamia Magara, wasikomjua. Dawa hajaanza mpaka leo. Nimembembeleza, nimegombana naye, nimelia mbele yake.

"Hata hapa dawa iko, tena ya bure," nikamwambia.

"Na kamba je, dada?"



Juzi nilikwenda kumwona. Tulikuwa tunakula, mtoto akakohoa. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, haraka, huku anatazama mlangoni kama kuna mtu amesikia.