Mapichesi ya Uani kwa Leodgar

Miti miwili ya pichesi iliyoko uani kwa Apolinaria, pale Mtendeni, iliingia Tabora ndani ya makopo ya maziwa. Mumewe Leodgar, enzi hizo akiendesha lori la mizigo, aliinunua ikiwa miche huko Njombe, akaileta imesimama miguuni pake njia nzima. Majirani walimcheka. Pichesi ni tunda la baridi, walisema, na hapa hata kivulini kunaunguza. Leodgar hakubishana nao. Kila kipupwe aliacha kuimwagilia, akapanda ngazi, akayapukutisha majani kwa mkono mpaka matawi yakabaki uchi, ili miti idhani imeona baridi ya kwao. Mwaka wa nne ikatoa maua.

Tangu hapo, mvua za kwanza zikianza kunyesha, nyumba nzima ilinukia mapichesi. Leodgar aliyala yakiwa bado na joto la jua, na manyoya yake, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na Apolinaria akamgombeza kwa ajili ya shati.

Kisha sukari ikamwingia. Akaacha lori, akakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, akawa mtu wa kushinda kwenye kiti uani. Dada yake, Gaudensia, ambaye alikwisha kumzika mume kwa ugonjwa huohuo, alikuja kutoka Bukene kumwona. Jikoni alimshika Apolinaria mkono.

"Wifi, kama unampenda kaka yangu, tunda tamu lisipite mdomoni mwake. Ni sumu ile. Mimi marehemu wangu nilimnyima hata papai."

Apolinaria alimwamini. Kila mwezi alimpeleka mumewe kliniki, na hata siku moja halikumjia wazo la kuuliza.

Msimu uliopita matawi ya mti unaowahi kuiva yalilemewa hadi yakawekewa nguzo. Leodgar alikiburuta kiti chake mpaka mahali anapoyaona vizuri.

"Mama Kabula," alisema, kwa kuwa binti yao aliyeolewa Mwanza ndiye Kabula, "lile la tawi la chini limeiva."

"Nimeliona."

"Nipe hilo moja tu. Hata nusu."

"Sikupi, Baba Kabula. Nataka uishi."

Leodgar alicheka kidogo. Kesho yake akaomba tena, kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Apolinaria aliona moyo wake unaanza kulegea, akaogopa. Asubuhi iliyofuata akachukua vikapu, akauchuma mti ule wote, yaliyoiva na mabichi, akayagawa kwa majirani na kwa akina mama wa jumuiya. Aliporudi na vikapu vitupu alimkuta mumewe anautazama mti.

"Ungeniachia basi hata la kunusa," Leodgar alisema.

Apolinaria alidhani ni utani.

Mti wa pili huchelewa. Kabla haujaiva, Leodgar alilala mchana baada ya chakula, na alipokwenda kumwamsha kwa chai, alikuwa amekwisha kupoa.

Matanga yalipokwisha, Martha, nesi wa kliniki, alikuja kutoa pole. Apolinaria akamwekea mapichesi kwenye sahani. Martha aliuma moja, akatabasamu.

"Mzee aliyafaidi haya."

"Hakuyaonja. Si unajua sukari."

"Hata moja?"

"Aliomba. Nilimnyima."

"Moja dogo lisingemdhuru, mama. Huwa tunawaambia wagonjwa..." Martha aliuona uso wake, akakatiza. "Lakini ulimtunza vizuri. Sote pale tulikuwa tunasema."

"Kula, mwanangu," Apolinaria alisema. "Yako mengi."

Usiku na mchana maneno yale hayakumtoka. Alitaka kumpigia Gaudensia simu, amuulize aliyatoa wapi yale ya sumu. Mara kadhaa aliishika simu, akaiweka. Hasira ilikuwepo, tena nyingi. Ila kila alipojiandaa kusema, alilikumbuka lile papai ambalo wifi yake alimnyima mumewe.

Wiki ya misa ya kumwombea marehemu, Gaudensia alikuja kwa treni. Baada ya misa walikaa uani wawili tu, na Apolinaria akamchumia mapichesi ya mwisho. Gaudensia alikula taratibu, macho yamemjaa machozi.

"Angalau sisi, wifi, tuliwatunza waume zetu," alisema. "Mimi hilo ndilo hunilaza usingizi. Sikumpa mume wangu kitu cha kumuua."

Apolinaria alimtazama. Mikono ya wifi yake ilikuwa imezeeka mno.

"Ndiyo, wifi," akasema. "Tuliwatunza."

Akamsogezea sahani, akasema anakwenda kutazama chai. Jikoni hakukuwa na chai motoni. Alisimama nyuma ya mlango, ncha ya kanga ameiuma kwa meno, mpaka aliposikia Gaudensia anamwita, ndipo akajifuta uso na kuwasha moto.