Adhana Nusu

Siku ile Romana hakula mchana, na wala hakuwa amefunga. Yeye ni Mkatoliki wa Miteja, binti wa wakulima wa ufuta, na fundi pekee wa kompyuta wa redio moja ndogo mjini Lindi. Chakula kilimshinda tu. Kila alipofumba macho alimwona Bi Kazija sakafuni.

Bi Kazija ndiye mwenye nyumba wake kule Mitwero. Macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, masikio yamezeeka, sukari inamwandama, na daktari alishamkataza kufunga. Lakini mwambie Bi Kazija asifunge, uone! Atakuuliza kama huyo daktari ndiye atakayemjibia kaburini. Kwa hiyo Ramadhani yote hufunga, na jioni hubandika sikioni redio yake ya betri akingoja adhana ya magharibi.

Jana yake adhana ilikatika. Umeme ulikuwa umekwenda mji mzima, vipaza sauti vya misikiti viko kimya, redio inajikongoja kwa betri zake. Ikatoka takbira ya kwanza, kikaja kimya, kisha sauti ikaanza kukwamakwama na kumeza maneno mpaka ikapotea. Watu wengi walicheka wakala tende zao. Bi Kazija hakula. Kwake adhana nusu si adhana. Alidhani mafundi wanajaribu mitambo, akakaa kungoja ya kweli. Umi, jirani anayemletea uji, alikuwa amekwenda Mingoyo msibani kwa siku kadhaa. Romana aliporudi alimkuta ameanguka kando ya kawa, sukari imemshuka, futari yote imefunikwa vilevile. Alimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko huku akimwita Bikira Maria kwa sauti, na bibi alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Wameshaadhini?"

Ungedhani alikoma. Asubuhi Romana alimkuta kwenye mkeka wake, daku alishakula.

"Shikamoo, bibi. Leo usifunge, nakuomba."

"Marahaba. Nimeshanuia."

"Basi nitakupigia simu jua likizama."

Bi Kazija akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, kazini kwako unakaa chumba hakina dirisha. Jua utalionea wapi? Wewe tengeneza hiyo redio yenu."

Akaenda kuitengeneza.

Redio ile ina seva moja tu, na ndani ya seva mna kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta za programu tu zisizo na mashine zao wenyewe: moja huchukua sauti ya studio na kuipeleka mlingotini, moja hutunza vipindi vilivyorekodiwa, na moja hupokea ujumbe wa wasikilizaji. Zote zinagawana nguvu ya mashine ileile, kama ndugu wanaolalia kitanda kimoja. Sasa, prosesa ya kompyuta pepe, ule ubongo wake, ikiishiwa kazi ina njia mbili. Inaweza kulala papo hapo, umeme ukasalimika, ila kuiamsha kunachelewesha. Au inaweza kukaa macho ikichungulia kama kuna kazi nyingine inakuja, iidake mara moja, ila kukaa macho huko kunakula umeme kama kazi yenyewe. Juzi usiku, umeme ulipozidi kukatika, Romana aliziamuru zote zilale mara tu zikikosa kazi. Betri zikadumu, lakini adhana ndiyo iliyoumia.

Basi asubuhi ile alizigeuza: zote zikae macho. Sauti ikatoka safi, na mzee Khamisi, mkuu wa kituo ambaye ndiye pia huadhini mubashara kila magharibi, akasema alhamdulillahi. Adhuhuri umeme ukaenda. Jenereta lilikuwa bovu tangu Shaabani. Kufika alasiri seva inavuma kwa joto, na taa ya betri imegeuka njano. Kompyuta ya ujumbe, ambayo haikupokea hata salamu moja mchana kutwa, ilikuwa imekesha bure ikila umeme. Kwa mwendo ule redio ingezimika kabla jua halijazama.

Romana akazirudisha mbili kwenye kulala zikikosa kazi, akaiacha macho ile ya sauti peke yake. Na hiyo nayo akaipa ruhusa ya kujirekebisha: ikiona kazi zinafuatana ikeshe, ikiona kimya kinarefuka ijipunguzie kukesha na kulala. Wakapiga kaswida. Kaswida ikaenda bila doa, na taa ikabaki njano. Romana akavuta pumzi.

"Mbona unafurahi?" mzee Khamisi alimuuliza. "Kaswida haipumziki, ni kuimba na dufu moja kwa moja. Mimi nikiadhini nanyamaza kati ya neno na neno."

"Basi adhini kidogo, mzee, nisikie."

Mzee Khamisi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada Romana! Alasiri hii? Unataka Lindi nzima ifungue kabla ya wakati, dhambi nizibebe mimi?"

Romana aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote amekaa na Waislamu, na bado neno kama lile limemtoka! Lakini mzee hakukaa na hasira. Alivuta maikrofoni akaanza kusoma matangazo ya msiba, polepole, akinyamaza kila baada ya maneno machache, kipimo kilekile cha adhana. Romana akabana sikioni redio ndogo ya mkononi.

"Wasikilizaji wetu," ilisema redio. Kimya. "...tunasikitika" ikatoka "...kitika". Kimya. "...marehemu" ikatoka "...hemu".

Kila kimya kilipopita, kichwa cha neno kililiwa. Prosesa ilikuwa inajipunguzia kukesha katikati ya pumzi za mzee, inalala, na sauti ikija inakuta mlango umefungwa. Jana ndivyo ilivyokuwa, na leo ingekuwa hivyohivyo, na Bi Kazija angekaa na redio yake sikioni akingoja adhana ya kweli.

Dawa aliijua: kuinyima ile ruhusa, ikeshe bila kujipunguzia hata kimya kiwe kirefu vipi. Lakini akiinyima sasa, betri haifiki magharibi. Akiinyima dakika ya mwisho, hatapata nafasi ya kujaribu. Akikosea herufi moja, basi. Aliandika amri, akaisoma, akaisoma tena, akaiacha pale kwenye kioo bila kuituma.

Taa ikageuka nyekundu.

"Mzee, bado?"

"Bado." Mzee Khamisi alikuwa amesimama kwenye kibaraza akitazama jua, saa mkononi. "Siwezi kulisukuma."

Romana alimchukia mzee, akalichukia jua, akamchukia hata Bi Kazija na ukaidi wake. Kisha mzee akaingia, akainua mkono, na Romana akatuma amri.

Takbira ikatoka. Kimya. Romana aliibana redio sikioni mpaka ikamuumiza. Neno la pili likaja zima, kuanzia herufi yake ya kwanza. Kimya tena. Likaja la tatu, zima. Taa nyekundu ilianza kupepesa, na mzee, asiyeiona, akavuta "hayya alas-swala" kwa raha zake zote, kama mtu asiye na haraka duniani. Romana alitaka kumziba mdomo. Alitaka amalize, na aliogopa akimaliza. Tahalili ya mwisho, la ilaha illallah, ikatoka nzima, na haukupita muda seva ikanyamaza, kila kitu kikawa giza.

Akapiga simu Mitwero. Ikaita mpaka ikakatika. Mzee Khamisi alimwekea tende mkononi, Romana hata hakuitazama. Akapiga tena. Ikaita, ikaita.

"Nani tena?" Sauti ya Bi Kazija ilikuwa nzito, mdomo umejaa. "Romana? Huna adabu wewe! Watu wanafuturu, unapiga simu!"

Ikakatwa. Romana akakaa chini sakafuni, akalia waziwazi.

"Kuna nini, mwanangu?" mzee Khamisi aliuliza gizani.

"Amenifokea, mzee," alisema Romana. "Amenifokea!"